Kipande cha Jana na Cheti cha Leo



Babu zetu walivaa kipande shingoni tangu mwaka 1920, chenye alama za vidole na sahihi ya bwana. Asiye na sahihi alihesabiwa mtoro. Kiliondolewa mwaka 1947.

Leo twadaiwa cheti cha tabia njema cha polisi. Hatukatai kuulizwa. Twakataa kijana kutoa ada na nauli kabla hajajua kama kazi ipo.

Sheria ya mwaka 2022 yamkataza mwajiri kudai cheti, ila akiwa anakusudia kumwandikia mtu mkataba.

Basi wakikudai langoni, uliza: mkataba uko wapi? Wakikasirika, usigombane, leta habari kwa mjumbe wa chama. Mmoja hufukuzwa, wengi husikilizwa.