Meza ya Kale na Rangi Mpya



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo wengi huidhania kuwa ndogo, nayo ni kazi ya kupaka rangi na kung'arisha upya samani za nyumbani: meza, viti, vitanda na makabati. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Nasi twaongeza kwamba kilichoundwa vema na babu chaweza kuharibiwa kwa siku moja na mjukuu asiye na subira. Twalijua jambo hili kwa sababu sisi wenyewe tulikosea mara mbili kabla ya kujifunza, na kosa la pili lilikuwa la hatari kuliko la kwanza.

Meza tunayotaka kuwasimulia ilikuwa mali ya marehemu baba yetu. Juu yake ndipo tulipojifunza kusoma na kuandika, usiku baada ya usiku, kwa mwanga wa kibatari. Urithi ulipogawanywa, hakuna aliyeitaka. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani mara nyingi, mpako juu ya mpako, hata ikafanana na gome la mti mkongwe. Na mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Ndugu yetu mmoja alishauri ipasuliwe kuni. Sisi tukaichukua, si kwa kuipenda, bali kwa kuona haya kumkatia baba meza yake jikoni.

Baada ya muda wakatujia wageni wa posa ya dada yetu mdogo. Ilikuwa wakati wa masika. Siku moja kabla ya kufika kwao tulinunua kopo la rangi ya mafuta, tukaifuta meza kwa kitambaa kikavu, tukaipaka. Asubuhi ilimetameta kama kioo, nasi tukajisifu. Basi, mzee mmoja katika wageni akaegemeza mkono juu yake alipokuwa akinywa chai. Aliponyanyuka, mkono wa kanzu yake nyeupe ukabaki nyuma umegandamana na meza, na ulipobanduka ulikuwa wa kijani. Wageni walikuwa watu wa adabu, hawakucheka mbele yetu. Lakini miezi miwili haikupita ila rangi yote ilianza kubanduka vipande vipande, kama nyoka ajivuapo gamba.

Tulimwita fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee wa makamo, aitazame. Akakwangua kidogo kwa ukucha, akasema, "Mwalimu, hukuipaka meza rangi. Umeupaka uchafu rangi." Nayo ndiyo kweli. Rangi hushika kile inachokikuta. Ikikuta mafuta ya mikono, moshi wa jiko au unyevu, itashika mafuta, moshi na unyevu. Na hivyo vitakapoachana na mbao, rangi nayo itaondoka.

Tuliposikia maneno hayo tulitahayari, tukaazimia kuiondoa rangi yote. Hapo ndipo tulipoingia katika kosa la pili. Tuliketi barazani na kisu na msasa, tukakwangua pakavu mchana kutwa. Vumbi la kijani likatanda sakafuni, na mtoto wetu mdogo, aliyekuwa bado anatambaa, akacheza katikati yake na kutia maganda kinywani. Alipita shemeji yetu, ambaye ni mganga wa zahanati. Hakutusalimu kwanza. Alimnyanyua mtoto, akamwosha mikono na kinywa, ndipo akasema, "Shemeji, wajua kuna nini ndani ya rangi hii?"

Tena akatueleza. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na risasi, ile madini nzito ya kijivu, ili zikauke upesi na kudumu. Na hata leo katika nchi nyingi zimo rangi zinazouzwa zikiwa nayo, hasa za njano, nyekundu na kijani. Risasi ikiingia mwilini kwa vumbi au kwa kinywa huathiri ubongo wa mtoto. Akili yake hupungua wepesi, na masomo humwia magumu, wala mzazi hajui sababu. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mama mjamzito naye yumo hatarini pamoja na mtoto aliye tumboni. Wasikilizaji, sisi tuliokuwa tukifundisha watoto wa watu tulikuwa tunamlisha wetu sumu kwa mikono yetu. Tulimpeleka hospitali akapimwe damu, na siku zile za kungoja majibu zilikuwa ndefu kupita zote tulizowahi kuziona. Majibu yalikuwa mema. Lakini hatutamani mzazi yeyote azingoje siku kama hizo, na ndiyo sababu kubwa ya mazungumzo haya.

Basi, sikilizeni jinsi kazi hii inavyopasa kufanywa.

Kwanza, chunguza. Ipindue meza, utazame chini ambako rangi haikufika. Hapo utaujua mti wenyewe. Mninga huwa na wekundu wa hudhurungi wenye michirizi. Mvule huwa wa njano akiwa mpya, kisha huiva akawa wa kahawia. Kagua kama mna matundu madogo yanayomwaga unga mpya. Ukiuona unga, wadudu wangalimo, na yapasa kuwatibu kwanza. Vyombo vyenye nakshi ya kale, kama vile viti vya enzi vya Lamu na Unguja vilivyotiwa vipande vya pembe, msivikwangue wala msivipake rangi. Thamani yake imo katika ukale wake, nayo ikiondolewa hairudi.

Pili, amua. Ikiwa mti ni mzuri, yafaa kuuonyesha kwa vanishi au nta. Ikiwa ni mbao za msonobari, au zimeungwaungwa kwa viraka vya namna mbalimbali, hapo rangi ndiyo vazi lake, wala si aibu. Na ikiwa chombo kina rangi ya kale iliyoshika imara, na nyumbani mna watoto wadogo, mara nyingi lililo jema ni kuiacha mahali pake: ioshe vema, uipake mpya juu yake. Rangi iliyotulia haina vumbi.

Lakini ikibidi kuiondoa, fanya hivi. Itoe meza nje, mbali na jiko, kisima na mahali pa kuchezea watoto. Tandika turubai chini. Lowesha rangi kwa maji kabla ya kukwangua, uendelee kuilowesha, ili vumbi lisiruke. Jifunge kitambaa puani, ijapokuwa kitambaa hakizuii yote. Iliyo bora ni barakoa ya kuzuia vumbi jembamba. Usiichome rangi ya kale kwa moto, kwa maana mvuke wake ni sumu, wala usiipige msasa ingali kavu. Maganda yote uyakusanye katika chombo chenye kifuniko. Usiyatupe bustanini, usiyachome. Kisha oga, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Tatu, osha na utengeneze. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo huondoa mafuta. Kisha futa kwa maji safi, uache ikauke kivulini siku mbili au tatu. Ungo lililolegea litiwe gundi na kubanwa kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti hata likaze. Usitie msumari mahali pa gundi, kwani msumari hupasua mbao na kesho ungo hulegea tena. Nyufa ndogo zizibwe kwa unga wa mbao uliokandwa kwa gundi.

Nne, msasa. Ninyi vijana mwajua kwamba msasa ni jina la mti. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na wazee wetu walisugulia mbao na vinyago kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani kufika. Hizo za dukani zina namba: 80 ni mkali, 120 ni wa kati, 180 na 220 ni laini. Anza na mkali ikiwa mbao ina makovu, umalize na laini. Sugua kwa kufuata mwendo wa nyuzi za mbao, kamwe usizikate. Mkwaruzo uliokata nyuzi hauonekani ukisugua, bali vanishi ikishawekwa huonekana kama kovu usoni. Mwishowe futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ungoje pakauke.

Tano ndiyo rangi. Weka kwanza mpako wa kutangulizia, ule mwepesi unaoandaliwa kushika mbao. Ukikauka, upitie kwa msasa laini, ufute, ndipo uweke rangi yenyewe. Mipako miwili myembamba hushinda mmoja mzito, kwa kuwa mzito hukauka juu na kubaki mbichi chini. Hivyo ndivyo kanzu ya mzee wetu ilivyoponzwa. Kati ya mpako na mpako wa rangi ya mafuta ngoja saa 24, na wakati wa masika ngoja zaidi. Usipake siku ya mvua, wala chini ya jua kali la saa sita, kwa sababu jua huibabua rangi ikafanya malengelenge.

Kwa wapendao kuonyesha mti, yafaa kujua kilichopo kabla ya kuongeza kingine. Lowesha kitambaa kwa spiriti, usugue mahali pa siri. Kikinata na kuyeyuka, hiyo ni shelaki, ambayo ni utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi. Shelaki hutengenezwa kwa kuyeyusha gramu 200 hadi 250 katika lita moja ya spiriti, nayo hukauka kwa muda usiotimia saa moja. Hupendeza kabatini na kwenye viti. Lakini maji, joto na pombe huidhuru, na kikombe cha chai huiachia duara jeupe. Meza ya kulia yataka vanishi ya mafuta.

Hapa twawaonya juu ya moto. Spiriti na tapentaini zisikaribie jiko wala taa. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, au vanishi yenye mafuta hayo, msivifinyange na kuvitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulifungia ndani hata kikawaka chenyewe pasipo kiberiti. Kitandazeni nje juu ya jiwe au ukuta hata kikauke kabisa, au kitieni katika kopo lenye maji na kulifunika.

Labda wengine watasema kwamba mambo ya vanishi ni ya wageni. Hapana. Katika karne ya 19 vanishi bora za Marekani na Ulaya, zilizopakwa magari ya farasi na samani za matajiri, zilipikwa kwa sandarusi na mafuta ya kitani. Na sandarusi ile ilichimbwa ardhini Mrima, pwani yetu hii. Ilikuwa utomvu wa miti iliyokwisha kufa zamani, ukazikwa mchangani na kuwa mgumu kama jiwe. Utomvu mbichi uliotoka mtini uliitwa chakazi, nao ulikuwa wa bei ndogo. Merikebu za mji wa Salem, katika Massachusetts, zilikuja Unguja kuichukua, na mwaka 1833 Marekani na Sultani Said walifanya mkataba wa biashara. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Mrima mwaka 1857, aliandika habari za wachimbaji wake. Basi fikirini: jasho la watu wetu liling'arisha meza za mbali, na meza zetu wenyewe zikabaki kuchubuka. Haifai liendelee hivyo.

Na ile meza ya baba? Chini ya rangi ya kijani tulikuta mninga mtupu. Tuliushughulikia kwa majuma matatu, jioni baada ya kazi, na fundi akipita mara kwa mara kutusahihisha. Karibu na pembe moja palikuwa na alama nyeusi ya duara, mahali kibatari kilipounguza mbao miaka ile tuliyokuwa tukisoma. Fundi alitaka kuipiga randa iondoke. Tukamwambia, "Fundi, hiyo iache." Akatutazama, akaelewa, akaipaka vanishi juu yake kama ilivyo.

Yule mtoto aliyekuwa akitambaa sasa huandika masomo yake juu ya meza hiyo, na hupenda kuweka kidole katika alama ile. Siku moja alituuliza ilitoka wapi, nasi tukapata nafasi ya kumsimulia habari za babu yake, ambaye hakumwona.

Mabibi na mabwana, tazameni leo kile kiti kilichotupwa uani. Kipindueni, mjue ni mti gani. Ondoeni watoto karibu, kisha mwanze kazi polepole. Kwaherini.