Mwenye Nyumba na Akague Milango Yake



Kuanzia Tegeta, Kinondoni, hadi Mbagala, Temeke, hakuna mwenye nyumba anayelala bila kujaribu komeo. Lakini ni nani ajaribuye komeo la ruta, kile kisanduku chenye taa ndogo kinachoiunganisha ofisi au shule na intaneti? Fundi akiisha kukifunga huondoka zake, na mara nyingi neno la siri hubaki lile lile la kiwandani.

Hatari hiyo si hadithi. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikibisha hodi kwenye ruta na kamera za ulinzi. Haikuwa na ufundi wa ajabu: ilibeba orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, jozi zipatazo 60 tu. Vifaa vilivyofunguka viligeuzwa jeshi la kushambulia wengine. Afrika nayo haikusalimika. Mwaka huo huo kampuni ya simu ya Lonestar, nchini Liberia, ilishambuliwa kwa jeshi la namna hiyo, na Januari 2019 mahakama mjini London ilimfunga Mwingereza aliyehusika.

Kinga ipo, nayo haiuzwi. Tangu mwaka 1997 kuna programu huria iitwayo Nmap. Hutuma ujumbe mfupi kwa kila anwani ya mtandao wa ofisi, kisha ikaeleza ni kifaa gani kimeitika, na milango yake ipi iko wazi. OpenVAS, iliyozaliwa baada ya Nessus kuacha kuwa huria mwaka 2005, huendelea mbele zaidi: hulinganisha kila kifaa na orodha ya udhaifu unaojulikana, ikaonyesha ulio mkubwa na ulio mdogo. Kwa kuwa ni huria, mwalimu wa kompyuta na wanafunzi wake wanaweza kuifungua na kusoma jinsi ilivyoundwa. Huko ndiko kujitegemea kwa kweli.

Basi kisingizio cha fedha hakipo. Kinachohitajika ni utaratibu. Kwanza, kibali cha maandishi cha mkuu wa ofisi, kwa maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo haki. Mwenye kukagua akague nyumba yake, si ya jirani. Pili, kazi ifanywe baada ya saa za kazi, kwani vifaa vikongwe huweza kukwama vikiulizwa maswali mengi kwa mpigo. Tatu, ripoti ifungiwe kabatini, maana ni ramani ambayo mwizi angeifurahia.

Nne, na hili ndilo kubwa, ripoti ifanyiwe kazi. Programu huonyesha ufa, haiuzibi. Ni mtu atakayebadili neno la siri, atakayefunga mlango usiotumika, atakayeweka programu mpya ndani ya ruta au kuomba nyingine pale ya zamani isipotengenezeka.

Nyuma ya milango hiyo kuna alama za wanafunzi, mishahara ya walimu na habari za wagonjwa. Wananchi hawakuulizwa kama wanaiamini ruta, walimwamini mtumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeufanya ulinzi huo kuwa wajibu wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa fedha za umma.