Jina Lisipotee Njiani: Kuhamisha Orodha za Wananchi Kuingia Kwenye Kanzidata

Mada kwa wakazi wa kata za Musoma, Bunda na Butiama



Daftari la kijiji bado lina heshima yake, lakini halifanyi kazi peke yake tena. Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/2023 ilimtaka mkulima asajiliwe katika mfumo wa kidijiti. Hivyo orodha iliyoandikwa kwa kalamu huchapwa kwenye kompyuta ikawa faili, kisha faili hilo huingizwa katika kanzidata, yaani ghala la taarifa ambamo mwananchi hutafutwa kila anapoomba huduma. Hatua ya kuingiza ina mipangilio michache. Ikikosewa, mwenye haki huambiwa hayumo, ilhali jina lake limo daftarini.

Jambo la kwanza ni tarehe. Hapa nchini huandikwa siku, mwezi, kisha mwaka. Marekani hutanguliza mwezi. Mtoto aliyezaliwa 05/11/2024, yaani tarehe 5 Novemba, akisomwa kwa utaratibu wa Kimarekani huhesabiwa amezaliwa tarehe 11 Mei. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto atimizapo miezi tisa. Mfumo utamwita akiwa na miezi mitatu, na wakati wake halisi ukifika utamhesabu kuwa amechelewa. Tarehe 25/11/2024 hukataliwa mara moja, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Kosa la hatari ni lile linalopita kimya.

La pili ni namba ambazo si za kujumlisha. Namba ya simu ikiingizwa kama hesabu, sifuri ya mwanzo hudondoka, na ujumbe uliokusudiwa mkulima haumfikii. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Programu ya Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho hugeuka sifuri, na watu wawili waliozaliwa siku moja waweza kuonekana mtu mmoja. Dawa yake ni kuamuru safu hizo zisomwe kama maandishi kabla faili halijafunguliwa, kwani sifuri zikishaingia, tarakimu za awali hazirudi.

La tatu ni alama za kutenganisha na herufi. Mafaili mengi hutenganisha safu kwa mkato. Mtu akiandika makazi yake "Nyasho, Musoma" bila kufungiwa ndani ya alama za kunukuu, mashine huona safu mbili, na kila kinachofuata husogea: simu hukaa mahali pa umri. Majina yenye ng' nayo yataka uangalifu. Kibainishi hicho huchapwa kwa namna zaidi ya moja, na aliyeandikwa kwa namna hii hapatikani akitafutwa kwa namna ile. Faili lihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, na kibainishi kiwe cha aina moja.

La nne ni jina la mahali. "Musoma" pekee halitoshi, kwani ipo Manispaa na ipo Halmashauri ya Wilaya. Bunda vilevile ina Halmashauri ya Mji na ya Wilaya. Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka 2012 kutokana na Musoma, kwa hiyo katika orodha za kabla ya hapo wakazi wake wameandikwa chini ya Musoma. Faili la zamani lisiingizwe kabla kila kijiji hakijawekwa katika halmashauri yake ya sasa.

La tano ni majaribio. Ziingizwe kwanza safu kumi za watu, zilinganishwe na daftari neno kwa neno. Orodha nzima ikishaingia, idadi ya majina yaliyoingia na yaliyokataliwa ijumlishwe, ilingane na idadi ya daftarini. Yaliyokataliwa yarudishwe kwa Mtendaji kwa marekebisho, wala yasifutwe.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Afike na kitambulisho, aombe kusomewa taarifa zake kama zilivyo kwenye mfumo: jina, tarehe ya kuzaliwa, simu na kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa haki ya kuomba taarifa zenye kosa zirekebishwe. Asione haya kuitumia haki hiyo, na kitabu cha zamani kitunzwe, kwa maana mashine ikikosea, karatasi ndiyo shahidi.