Futi Kamili: Mazungumzo Juu ya Kazi ya Kupasua Mbao Shambani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana kabla ya mwezi mtukufu, na yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)



Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana wenzangu wa Migori na Homa Bay. Nimeombwa nizungumze juu ya biashara, na mimi biashara ninayoijua ni moja tu, kupasua mbao. Sina kiwanda. Nina mashine ndogo inayovutwa na pikapu, inayoufuata mti pale pale uliposimama shambani. Basi nitasema ninachokijua, na penye makosa yangu pia nitasema, kwa sababu nadhani hayo ndiyo yatakayokufaa zaidi.

Kwanza, hebu tujiulize: mbao zenyewe zinatoka wapi? Wengi wetu tulizoea kudhani mbao ni kitu cha kutoka misitu ya serikali huko Bonde la Ufa. Lakini mwezi wa Februari mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ikaongezwa tena na tena mpaka Rais alipotangaza kuiondoa mwezi wa Julai 2023. Miaka mitano hiyo mafundi hawakuacha kujenga. Walianza kuitazama miti ya mashambani, ile mikaratusi na migrevilea ya mipakani, na siala wa nyumbani kwetu. Hapa Migori mikaratusi mingi ilipandwa kwa sababu ya tumbaku, maana majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni. Sasa wako wakulima wanaoiacha tumbaku. Mwaka 2022 ulianza hapa kwetu mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, WHO, FAO na WFP, pamoja na serikali, wa kuwasaidia wakulima kuhamia kwenye maharagwe. Mkulima akiacha tumbaku, ile miti aliyoipandia kuni inabaki imesimama, na kila mwaka inanenepa. Tena upande wa Homa Bay, kuanzia Kendu Bay mpaka Mbita, kuna nyumba zinajengwa na kuna mashua za uvuvi zinazotaka mbao kila msimu.

Kwa hiyo miti ipo na wanunuzi wapo. Kinachokosekana katikati ni mtu wa kuaminika. Hilo ndilo neno langu la leo.

Nitaanza na kosa langu. Nilipoanza kazi hii sikuwa na mashine, nilikuwa na pawa soo ya kukodi. Nikaenda kwa mama mmoja mjane upande wa Uriri. Alikuwa na mikaratusi minne mikubwa, imepandwa na marehemu mumewe, na mtoto wake alikuwa anangoja karo ya kidato cha kwanza. Nikamwambia, "Mama, mimi nitapasua, tutagawana nusu kwa nusu." Hatukuandika chochote. Nikapasua kwa mkono, bila fremu, mbao huku nene, kule nyembamba. Nikazianika juani kama nguo. Baada ya wiki mbili nyingine zimepinda kama upinde, nyingine zimepasuka ncha. Na siku ya kugawana, wallahi naona haya kusema, zile zilizonyooka nilizitia upande wangu.

Yule mama hakugombana. Alitazama lile rundo la unga wa mbao lililobaki chini, akaniuliza, "Nyathina, hii yote ilikuwa mti wangu?"

Swali hilo sikulisahau. Ndugu zangu, hebu tulijibu kwa hesabu. Cheni ya pawa soo inakula kiasi cha milimita 8 kila inapopita. Mashine ya mkanda, ile yenye msumeno mwembamba unaozunguka kama mkanda, inakula kama milimita 2. Sasa chukua gogo ulilokwisha kulichonga likawa mraba wa inchi 12, unataka mbao za inchi 1. Kwa pawa soo utapata mbao 9. Kwa mkanda utapata 11. Gogo likiwa na urefu wa futi 10, tofauti ni futi 20 katika gogo moja. Magogo matano, futi 100. Futi 100 hizo zinakuwa mbao au zinakuwa unga. Na zikiwa unga, aliyepoteza si wewe mwenye pawa soo, ni mama mwenye mti, na yeye hata hajui kwamba amepoteza.

Ndiyo maana tulijikusanya watu wanne, tukachanga kidogo kidogo zaidi ya miaka miwili, tukanunua mashine ya mkanda iliyotumika. Hatukuchukua mkopo wa riba. Tuliandikiana sehemu ya kila mmoja, faida na hasara, mbele ya mashahidi. Nawashauri vijana mfanye hivyo. Mashine inayonunuliwa kwa haraka hukusukuma kufanya kazi kwa haraka, na kazi ya haraka ndiyo inayozaa mbao nyembamba.

Sasa tuje kwenye uendeshaji. Jambo la kwanza, usihamishe mashine kwa mti mmoja. Kuivuta, kuisawazisha na kuifunga ni asubuhi nzima, na mafuta yanaungua kabla hujapata hata ubao mmoja. Mwambie mwenye mti aongee na majirani. Wakipatikana watu watatu wanne wa kijiji kimoja, nenda. Gharama ya kuhama itagawanyika, na wao watalipa kidogo zaidi.

La pili, vibali. Shamba ni la mtu, lakini mbao zikiingia barabarani utaulizwa. Kabla ya kukata pita kwa chifu na kwa ofisi ya misitu, KFS, uulize kinachohitajika. Kusafirisha mbao kunataka kibali cha kusafirisha, na kaunti nayo ina leseni yake ya biashara na ushuru wake. Usisafirishe usiku. Kijana anayelipia vibali anaona kama anapoteza pesa, lakini mzigo mmoja ukikamatwa kwenye barabara ya Rongo unapoteza zaidi ya vibali vya mwaka.

La tatu, uijue miti. Mkaratusi una nguvu ndani yake kama kamba iliyovutwa. Ukiukata unataka kujipasua wenyewe. Usiuache gogo likalala wiki nzima, upasue mapema, na ncha zake uzipake rangi au nta ili maji yasitoke upesi pale. Kisha panga mbao kivulini, juu ya matofali, na kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, kijiti juu ya kijiti vinyooke, hewa ipite. Juu weka uzito. Zinataka wiki nyingi, si siku. Mimi nilizianika juani kwa sababu hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Maseno, si mbali na sisi. Nenda uulize.

La nne, mwili wako na wenzako. Miwani, vizibo vya masikio, viatu vigumu, kitambaa cha pua. Hakuna kanzu karibu na mashine, hakuna shati linaloning'inia. Na kwa kuwa mwezi unaingia, nawaambia hili kwa mkazo: mtu aliyefunga, saa nane mchana, kiu imemshika na usingizi unamvuta, asisimame mbele ya msumeno. Sisi huanza baada ya alfajiri kukipambazuka, na saa tano mashine inazimwa. Mchana tunapanga mbao, tunahesabu, tunanoa. Kazi inapungua, ndiyo, lakini vidole vinabaki kumi.

Sasa tuje kwenye kuitangaza kazi, maana najua hapa ndipo vijana wengi mnapopapenda. Mtu akinunua mashine leo, kesho anataka bango kubwa, picha za simu na fulana zenye jina. Sikatazi. Lakini nikuulize wewe fundi unayenisoma: ukinunua mbao ya nne kwa mbili, ukaipima kwa tepu, unapata nne kwa mbili? Mara nyingi unapata tatu na nusu kwa moja na nusu, wakati mwingine hata hiyo hufiki. Watu wamezoea, wanaona ndiyo desturi ya soko. Lakini mwenye nyumba amelipia nne kwa mbili, na fundi amehesabu uzito wa mabati kwa nne kwa mbili. Paa likija kubonyea, hakuna anayemkumbuka mpasua mbao. Sura ya Al-Mutaffifin iliteremshwa kuwaonya wanaopunguza vipimo, na tepu ni kipimo kama mizani ya mwenye duka.

Hapo ndipo tulipolipata tangazo letu. Tuliamua: mbao yetu ikiitwa nne kwa mbili, iwe nne kwa mbili ikishakauka. Mbao mbichi husinyaa, kwa hiyo tunapasua kwa kuzidisha kidogo. Mwanzo tuliumia. Gogo lile lile, mbao pungufu kuliko za jirani, na bei ya futi ni ile ile ya soko. Mmoja wetu alitaka kujitoa. Miezi mitano ya kwanza, nisiwadanganye, haikuwa na faida.

Kisha tulifanya jambo moja. Siku za soko tukawa tunaweka mbao tatu mezani, na tepu juu yake. Hatusemi kitu. Mtu akipita tunamwambia, "Pima mwenyewe." Fundi anapima, anatazama, anapima tena, anaita mwenzake. Fundi mmoja wa paa akikuamini, ana nyumba kumi mkononi mwake. Mchonga mashua naye akikuamini atakuagizia vipimo vyake mwenyewe, kwa sababu ubao wa mashua ukiwa mwembamba mahali pamoja, maji hayasemi ni desturi ya soko.

Na kwa mwenye mti tuna tangazo lingine. Kabla ya kuwasha mashine tunapima gogo mbele yake, tunamwandikia kwenye daftari: mti huu tunatarajia utoe futi kadhaa za vipimo kadha. Malipo tunaandika pia, kama ni pesa kwa kila futi au ni kugawana, na kama ni kugawana, yeye ndiye anayechagua kwanza. Mabanzi ni yake, unga wa mbao ni wake, atandikie kuku akitaka. Jioni anahesabu mwenyewe. Tukikosea kukadiria, tunamwonyesha palipooza au palipopinda, anaona kwa macho yake. Picha ya rundo la mbao likiwa na tepu mbele yake ukiituma kwa simu, hiyo inatosha kuwa bango.

Mtaniuliza habari za yule mama. Tulipopata mashine nilimrudia. Kwa kweli nilichelewa kwenda, nilikuwa naogopa. Alikuwa na migrevilea miwili kwenye mpaka. Nikamwambia nitaipasua bila malipo, na nikamwambia sababu yake. Alisikiliza, akasema sawa. Siku nzima alikaa kwenye kiti chini ya mwembe akihesabu ubao mmoja mmoja kwa kokoto. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Jioni kokoto zake na daftari langu zikalingana. Hakunisifu. Alinipa tu namba ya simu ya shemeji yake mwenye mikaratusi kumi na miwili.

Mtoto wake alichelewa kuingia kidato cha kwanza kwa muhula mzima mwaka ule, na hilo mbao zangu za bure haziwezi kulirudisha. Nawaambia msije mkadhani kosa la kipimo ni kosa dogo. Kila nusu inchi ina mtu wake.

Kijana unayetaka kuanza, usingoje mashine. Anza na tepu, daftari na kalamu. Nenda kwa wenye miti, ujifunze kukadiria gogo. Kaa na maseremala, uulize vipimo gani vinawasumbua kupata. Ukishajua hayo, wenye pesa za kuchanga pamoja nawe utawapata, kwa sababu watakuwa wanakujua. Na kila mti unaoukata, mwachie mwenye shamba miche ya kupanda mahali pake. Ukirudi baada ya miaka kumi uwe na sura ya kuingilia langoni.

Ramadhani njema kwenu nyote. Wassalaam alaykum warahmatullah.