Kufuli Tatu

Maneno ya timu ya uwanjani kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Mpala



Mlituomba tuzungumze juu ya sanduku la chama. Tutafika huko, lakini mtuvumilie, tutapitia njia ndefu kidogo. Tutaanza na muziki, tupite kwa serikali, kisha mpira.

Mnajua vijana wengi waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu hawakurudi huku, walipelekwa Marekani. Mmoja wao, mtoto wa ndugu yetu, anatutumia sauti kwa simu, mtandao ukipatikana. Siku hizi anapenda muziki unaoitwa hevi meto, yaani metali nzito. Magitaa yanalia kama kinu cha kusaga muhogo. Tulipousikilizisha hapa kando ya ziwa, mzee mmoja akauliza: "Huyu anaimba ao anagombana?" Tulicheka sana.

Lakini tukakumbuka Konono No. 1 ya Kinshasa, kundi la mzee Mawangu Mingiedi. Wao walichukua likembe, wakaiwekea sumaku za vyuma vya magari ya zamani ili sauti ishinde kelele ya mji, na Ulaya wakaita waje kupiga. Nairobi nako kuna kundi la Duma, lilitoa albamu ya metali mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Basi si kelele za wazungu peke yao. Mtu akisema polepole miaka mingi bila kusikilizwa, mwisho anapaza sauti.

Na ninyi mliorudi mmesema polepole miaka mingi. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika yetu. Kalemie ikawa makao makuu. Tulifurahi, tukasema serikali imesogea karibu. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Ninyi mnaopita barabara ya kwenda Kalemie mnaweza kujibu wenyewe kama asilimia hiyo mmeiona. Shaba ilibaki kusini. Sisi tuna lithiamu ya Manono, na watu wa shule wanajua lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote. Metali ni nyepesi, siasa yake ndiyo nzito.

Gavana naye hatumchagui sisi. Wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua, na wanaweza kumwangusha, kama walivyofanya Mei 2021. Lakini kila anapoingia mpya, kijijini tunasikia maneno yale yale: "Sasa huyu ndiye." Tunakaa, tunangoja mtu.

Yule kijana wetu alituelezea mpira wa kule Marekani. Kuna mchezaji anaitwa kwotabeki. Karibu kila shambulio linaanza mikononi mwake, yeye ndiye anaamua mpira uende wapi. Picha yake iko kila mahali. Lakini mbele yake wanasimama watu watano wakubwa, kazi yao ni kumkinga. Hao karibu hawagusi mpira kabisa, na majina yao hayaimbwi. Wakilegea kidogo tu, nyota yuko chini, uso kwenye majani.

Tukajiuliza: kwetu ni vipi? Kumbukeni Mazembe ya 2010. Rais wa timu, Moïse Katumbi, ndiye alikuwa gavana wa Katanga, kwa hiyo mpira na siasa vilikaa kiti kimoja. Hata kipa Kidiaba, yule wa kurukaruka kwa makalio, baadaye aliingia bunge la jimbo la Haut-Katanga. Lakini Desemba ile, kule Abu Dhabi, nyota wetu Trésor Mputu hakucheza. FIFA ilikuwa imemfungia. Wengi tulisema imeisha. Kumbe Mazembe ikaifunga Pachuca 1-0, ikaifunga Internacional ya Brazili 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter Milan walitupiga 3-0, ni kweli. Lakini kufika pale, timu ilifika bila nyota wake.

Sasa turudi kwenye sanduku. Mama zetu, mtusamehe tukilitaja jambo hili mbele ya watu. Msimu wa mvua uliopita, mke wa mwanachama alishikwa na uchungu usiku. Boti ilikuwepo, dereva alikuwepo, ziwa lilitulia. Essence ndiyo haikuwepo, na pesa ya essence ilikuwa ndani ya sanduku. Ufunguo ulikuwa mmoja, na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Mama mmoja alituuliza pale ufukoni: "Mutu moja tu ndiye anajua ufunguo iko wapi?" Hatukuwa na jibu. Boti iliondoka alfajiri kwa essence ya kukopa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Mwenye ufunguo hana kosa, alikwenda msiba wa kwao. Kosa ni letu sisi wa timu ya uwanjani. Katika mafunzo ya vikundi vya akiba kanuni inajulikana: sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu. Tuliijua. Ninyi mlisema huyu ni mwaminifu, mmoja anatosha, nasi tukanyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi. Tulitengeneza kwotabeki, tukasahau wale watano.

Kwa hiyo leo, kabla hesabu hazijasomwa, tunaomba mpige kura juu ya mambo matatu. Kwanza, kufuli tatu, funguo kwa watu wa nyumba tatu tofauti, na angalau mmoja awe mama. Mmoja akisafiri, anamwachia jirani yake ufunguo mbele ya mashahidi. Pili, daftari la pili la hesabu, likae kwa mtu mwingine. Tatu, bidoni moja ya essence ya dharura nje ya sanduku, isiguswe kwa harusi wala kwa biashara ya ndakala.

Nanyi wafadhili, tunawaomba kitu kimoja. Mkileta msaada, msiulize tu "kiongozi wenu ni nani?" Ulizeni pia ni nani anayefungua sanduku kiongozi akiwa safarini.

Baba wa yule mtoto yuko hapa leo, kwenye benchi la nyuma. Ni yeye aliyetutuma tuseme haya.  Sasa tuinue mikono.