Maji ya Udhu na Haki ya Jirani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ahali zake, na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa Kijenge, nanyi mnaotusikiliza majumbani na shuleni: tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kisha tunakuusieni nyote, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutazungumza juu ya neema tunayoigusa kila tunapojiandaa kwa Sala, nayo ni maji.

Juma lililopita tuliweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba, tukatawadha kama ilivyo desturi yetu. Tulipomaliza kuosha miguu, ndoo ilikuwa imekaribia kujaa. Tulitahayari, kwani mlango wa udhu tumeusomesha kwa miaka mingi. Katika Bukhari na Muslim, Sahaba Anas anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akikoga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Nayo mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Haifiki lita moja.

Imepokewa vilevile katika Ibn Majah kwamba Mtume alimpitia Saad akitawadha, akamkataza israfu. Saad akastaajabu: je, hata katika udhu kuna israfu? Akajibiwa kuwa iko, hata mtu akiwa kando ya mto unaokwenda. Wanazuoni wameizungumza isnadi ya hadithi hii, lakini maana yake inaungwa mkono na Qur'ani, kwani katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na tumekatazwa kupita kiasi. Na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema: kuzidisha juu ya kuosha mara tatu ni makuruhu, na ikiwa maji yenyewe ni ya wakfu, ni haramu. Basi na tulitazame upya tangi la msikiti.

Huenda mtu akasema: sisi tunakaa chini ya Mlima Meru, chemchemi na mito ya Themi na Naura iko karibu; tutapungukiwaje? Ndugu zangu, katika kila lita 100 za maji yaliyomo duniani, zisizo na chumvi hazifiki 3, na sehemu kubwa ya hizo ni barafu. Na hapa kwetu upo mtihani wa pili. Meru ni mlima wa volkano, na maji mengi yanayopita katika mawe yake huchukua madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 1.5 katika kila lita. Lakini viko visima na vijito katika nchi hii vinavyopita kiwango hicho mara nyingi. Nendeni upande wa Maji ya Chai, mtawaona watu ambao meno yao yamegeuka rangi ya kahawia tangu utotoni, na wengine mifupa imepinda. Maji hayo kuyachemsha hakuyatengenezi, kwa sababu mvuke huondoka na floraidi hubaki. Ndiyo maana katika kituo cha Ngurdoto wataalamu wamekuwa wakiyachuja kwa mkaa wa mifupa.

Kwa hiyo maji salama ni machache kuliko maji tunayoyaona. Fanyeni hesabu: nyumba ya watu 6, kila mmoja akipoteza lita 5 katika kila udhu, mara tano kwa siku, ni lita 150. Hayo ni zaidi ya madumu 7 ya lita 20. Bomba la mtaa ni moja. Yakimwagika kwetu, nguvu yake hupungua kwa aliye mbali, na mama wa nyumba ile hubeba dumu kwenda kuchota popote apatapo, hata penye floraidi. Mtoto anayekunywa maji hayo ana haki juu yetu.

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Tutawadhe kwa birika au kopo, au tufunge bomba kati ya kiungo na kiungo. Maji yaliyotumika tuyaelekeze kwenye miche. Na jikoni, maharage yalowekwe usiku na chungu kifunikwe, ili mkaa upungue. Kwani misitu ndiyo inayoipokea mvua na kuzilisha chemchemi. Nasi hatutakuamrisheni tusilolifanya: kopo letu la lita moja sasa liko kando ya bomba.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru, utusamehe israfu yetu, na uwape maji mema waliokosa. Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu. Amin.