Mteja Aliyeachwa Mlangoni

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma hili. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji wetu.)



Mwenye duka akijenga ngazi ndefu mlangoni, na mteja anayetumia kiti cha magurudumu akashindwa kuingia, wapita njia wote wanaona. Pengine mmoja atamsaidia mteja, na mwingine atamlaumu mwenye duka. Lakini siku hizi maduka mengi yana mlango wa pili, nao umo ndani ya simu na kompyuta. Mlango huo ukimfungia mtu nje, hakuna shahidi. Anajua yeye peke yake.

Ninaye jirani, mwalimu mstaafu, ambaye haoni. Simu yake ina programu inayomsomea kwa sauti: akipitisha kidole juu ya kioo, inamtajia kilichopo chini ya kidole. Kwa njia hiyo husoma ujumbe wa watoto wake na habari za kila siku bila kumsumbua mtu. Siku moja alitaka kuagiza unga, sukari na betri za redio kwa kutumia programu ya duka moja hapa Dar es Salaam. Akapitisha kidole. Simu ikasema: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Kitufe cha nini? Picha ya nini? Simu haikuweza kumwambia, kwa sababu waliotengeneza programu ile hawakuandika.

Mwisho akamwita kijana mmoja wa mtaani, akamkabidhi simu, na ulipofika wakati wa kulipa akamtajia namba yake ya siri pale pale barazani, nasi wengine tumekaa tunasikia. Unga ulifika jioni. Siri ya mwalimu ilikuwa imeshatoka.

Wako watakaosema hilo ni jambo dogo, na kwamba mwenye duka hakukusudia ubaya. Ni kweli, hakukusudia. Lakini nawaomba twende kidogo hadi Marekani, ambako jambo dogo la namna hii lilifika mahakamani.

Target ni kampuni ya maduka makubwa, yanayouza kila kitu kuanzia nguo hadi vyombo vya jikoni. Mwaka 2006 ilishtakiwa huko California na Shirikisho la Kitaifa la Wasioona, pamoja na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu ambaye naye haoni. Malalamiko yao yalikuwa wazi. Picha nyingi za bidhaa kwenye tovuti ya kampuni hazikuwa na maelezo ya kusomwa kwa sauti. Tena, ili kumaliza kununua, mteja alilazimika kutumia kipanya. Mtu asiyeona hatumii kipanya, kwa kuwa haoni mshale ulipo. Hutumia vitufe vya kibodi. Maana yake ni kwamba angeweza kuhangaika saa nzima akijaza kikapu, kisha akafika kwenye dirisha la kulipia na kulikuta limefungwa.

Kampuni ilijitetea. Ilisema Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inahusu mahali, yaani majengo kama maduka, hoteli na sinema, na tovuti si mahali. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Sheria ile ilipotiwa saini, maduka ya mtandaoni hayakuwapo hata yatajwe.

Septemba 2006 Jaji Marilyn Hall Patel alitoa uamuzi, na uamuzi huo ulisimama juu ya neno dogo. Sheria, alisema, inazungumzia huduma za mahali. Haisemi huduma zilizo ndani ya mahali. Tovuti ya Target ilimwonyesha mteja duka lilipo na kumwezesha kuagiza mapema vitu ambavyo angevifuata dukani. Kwa hiyo, pale ambapo tovuti inamzuia mtu kufaidi duka, sheria inaigusa. Kesi iliendelea, na Agosti 2008 pande mbili zikapatana: Target ikatenga dola milioni 6 kwa ajili ya wateja wasioona wa California waliodai fidia, na ikakubali kurekebisha tovuti huku Shirikisho likiikagua.

Sitaki mdhani kwamba ubishi uliishia hapo. Mwaka 2016 mtu mwingine asiyeona aliishtaki kampuni ya Domino's, akisema ameshindwa kuagiza piza kwa tovuti na programu yake ya simu. Januari 2019 mahakama ya rufani ilimruhusu aendelee na kesi, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza ombi la kampuni. Lakini mwaka 2021 mahakama nyingine ya rufani, katika kesi ya maduka ya Winn-Dixie, iliamua kinyume, kwamba tovuti si mahali. Kabla mwaka haujaisha, mahakama hiyo hiyo ikaifuta hukumu yake.

Basi mwenye duka anayengoja mahakimu wakubaliane atangoja sana. Na angoje kwa nini? Mwaka 2001 kampuni ya Tesco ya Uingereza, ikishirikiana na taasisi ya wasioona ya nchi hiyo, ilitengeneza tovuti nyepesi ya kununulia vyakula. Kazi hiyo iligharimu pauni 35,000. Mauzo kwa njia hiyo yalifika pauni milioni 13 kwa mwaka. Hata wateja wanaoona waliipenda, kwa sababu ilifunguka haraka na haikuwa na mapambo ya kuwapotezea muda. Mmoja ametumia pauni 35,000 kabla ya ugomvi. Mwingine ametoa dola milioni 6 baada ya ugomvi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuziba ufa huu kunajulikana. Mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa kutengeneza tovuti zinazofikiwa na watu wenye ulemavu ulitolewa mwaka 1999, na umeendelezwa tangu hapo. Kila picha iwe na maelezo, na kila kitufe kiwe na jina. Kila kazi iwezekane bila kipanya. Maandishi yasififie. Filamu fupi za matangazo ziwe na maandishi kwa ajili ya viziwi, na kiziwi mwenye shida asiambiwe "piga simu" kana kwamba hakuna njia nyingine. Mwenye mikono inayotetemeka apewe muda wa kutosha kabla ukurasa haujajifunga. Mambo haya yatakufaa hata wewe uliyesimama juani kituo cha daladala, ukikodolea kioo cha simu ambacho hakionekani.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeacha kuliachia jambo hili hiari ya wafanyabiashara. Sheria yao ya mwaka 2019 ilianza kutumika kwa maduka ya mtandaoni tarehe 28 Juni 2025, ingawa biashara ndogo kabisa za huduma zimesamehewa. Nasi hatuwezi kusema hatukuambiwa. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja habari na mawasiliano sambamba na majengo na usafiri. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Kwa wenye maduka ombi langu ni moja. Kabla hujatangaza programu yako mpya, mwite mtu asiyeona, na kiziwi, na mtu ambaye vidole vyake havimtii. Walipe kwa muda wao kama unavyomlipa fundi. Kisha waache wanunue kilo moja ya sukari, tangu kuitafuta hadi kuilipia, wewe ukae kimya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jirani yangu mwalimu haombi sadaka. Ana pensheni yake, na anataka kuitumia bila kuitangazia baraza zima namba yake ya siri. Kesho yake aliibadilisha namba ile. Juzi ameniambia sukari imekwisha, na kwamba itabidi aibadilishe tena.